Glasgow ya 1962 juu ya meza: shajara ya mradi, na daraja lililonikataa

7 Septemba 2024: naanza

Nimeamua kuandika kila hatua manake nlipotafuta mtu aliyewahi kuandika kazi hii kwa Kiswahili sikupata hata mmoja, kwa hivo mtu akitaka kuiga aige, lakini asirudie makosa yangu. Kazi yenyewe ni reli ya mezani, skeli ya 1:76, ile wenyewe wanaiita OO. Treni inapita juu darajani, chini ni mtaa wa Glasgow mwaka 1962, mwezi kama wa kumi hivi, mabasi ya ghorofa ya zamani, nyumba za mawe, maduka, watu wamejikunyata stejini kwenye mvua. Mtaa wenyewe ni wa kubuni, pembeni mwa jiji upande wa kusini mashariki, pale ambapo mabasi ya jiji yalikuwa yakikutana na mabasi ya kwenda Lanarkshire. Urefu sentimita 240, upana 60, mbao mbili zinafungana kwa bolti ili ziingie nyuma ya kabati.

Mbona Glasgow? Naishi hapa mwaka wa kumi na moja sasa, naendesha basi. Mbona reli? Marehemu mzee wangu alikuwa karakana ya reli Nairobi enzi za East African Railways, na zile injini za daraja la 29 alizokuwa akihangaika nazo zilitengenezwa hapa hapa Glasgow, kampuni ya North British Locomotive. Alikuwa akilitaja jina la Glasgow kama mtu anayetaja kijiji cha jirani, alilisoma kwenye bamba la chuma kila siku ya kazi na hakuwahi kufika.

Na mbona 1962? Mwaka ule tarehe 4 Septemba ndio tramu za Glasgow ziliagwa, mji mzima ukatoka kuzitazama. Kwa hivo mwezi wa kumi reli za tramu bado ziko barabarani lakini tramu hakuna, na mimi pesa ya kununua tramu sina. Hapo historia na mfuko wangu vimepatana.

Bajeti pauni 400, mwanzo mpaka mwisho. Mama watoto ni shahidi.

21 Septemba: fremu, na kosa la kwanza

Nlipata chipubodi ya bure kwa mtu aliyekuwa anabomoa kabati lake, milimita 12, nkaona ni nene, itakaa. Nkaiwekea miguu, nkaiacha wiki moja kwenye chumba cha akiba ambacho kina unyevu kama vyumba vyote vya nchi hii. Jumamosi nkaweka behewa moja juu kujaribu, likaanza kutembea lenyewe taratibu mpaka katikati likasimama. Nkalirudisha, likatembea tena. Nkaweka pima maji, kumbe ubao umebonyea milimita 4 katikati kama kitanda cha kamba.

Nimetupa. Nimenunua plaiwudi ya milimita 9 na mbao nyembamba za kuwekea chini, moja kila sentimita 30, gundi na skrubu. Sa hivi hata nikipanda juu haibonyei (nimepanda). Pauni 46. Usichukue chipubodi hata ukilipwa.

5 Oktoba: reli na umeme

Hii ntapita haraka, imeandikwa kila mahali kwa kila lugha. Reli za mtumba za kampuni ya Peco, pointi mbili (za kuhamisha treni njia), kontrola ya zamani ya DC, waya, lehemu: jumla pauni 80. Injini ni ya kampuni ya Bachmann, ile tangi (injini inayobeba maji yake yenyewe) ya kawaida ya British Railways daraja la 4, nimeiokota kwa pauni 68 imeshatumika. Hizi tangi ndizo zilikuwa zikivuta treni za abiria za karibu karibu upande ule wa Glasgow, kwa hivo hakuna mtu atakuja kuniambia nimekosea. Mabehewa mawili pauni 30.

Kosa: nilitegemea vile vibati vya kuunganishia reli vipitishe umeme. Vinapitisha, ila kila kiungo kinakula kidogo, treni inaanza kwa mbio upande wa kontrola alafu ikifika mwisho wa pili inajikokota kama imebeba saruji. Dawa ni kulehemu kipande cha waya chini ya kila kipande cha reli, kila kipande jamani, hata kile kifupi, vyote viende kwenye waya mkubwa chini ya ubao. Jioni mbili, vidole viwili vimeungua.

2 Novemba: nyumba, au vipi niliharibu kinu

Nyumba za Glasgow za enzi zile wanaziita tenementi. Ghorofa nne za mawe, zimeshikana mtaa mzima ukuta kwa ukuta, chini maduka, na kila ngazi ina mlango wake wa kupitia unaitwa klosi, kama daka lililo refu linalokupeleka mpaka uani. Dari ziko juu sana, kwa hivo kila ghorofa nimeipa milimita 46, jumla 184 kabla ya paa. Unene wa nyumba ni sentimita 6 tu manake nyuma haionekani. Kadibodi nzito ya fremu za picha, milimita 2, na ndani vipande vya kuikaza, la sivo ikipata gundi inapinda kama mkeka.

Mawe nimechora kwenye kompyuta nkachapa kwa printa yetu ya wino. Yakatoka mazuri, nkajisifu. Alafu nkapaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji juu yake kubandika, na palepale nkaona wekundu unatiririka, unateremka kwenye madirisha, ukuta mzima unalia. Wino wa printa za nyumbani unayeyuka kwa maji, sikuwa nimefikiria hata kidogo. Niliharibu kuta tatu. Dawa: ukishachapa pulizia vanishi isiyong'aa mara mbili, subiri siku nzima, ndio ubandike, na ubandike kwa gundi nzito isiyo na maji mengi. Au chapa kwa leza maktaba, senti kadhaa kwa ukurasa, huo wino hautembei.

Kosa la pili ndilo kubwa. Nlichapa mawe mekundu, yale ya jiwe la mchanga unayoyaona ukitembea Glasgow leo, jekundu safi kama udongo wa Voi. Tunakaa ghorofa ya pili, juu yetu kuna bibi mmoja wa miaka themanini na ushee, amezaliwa kwenye tenementi, na siku hizi mimi ndiye nampandishia mizigo. Akashuka kuchukua barua yake iliyoletwa kwetu kimakosa, akaona nyumba zangu mezani. Akazitazama kwa muda. Akaniuliza hii ni wapi. Nkamwambia ni hapa Glasgow, 1962. Akacheka mpaka akakaa. Akaniambia mwanangu, mimi nilikuwa mtu mzima ndio nikajua mawe ya nyumba yetu ni mekundu, siku walipokuja kuyaosha. Yalikuwa meusi. Mtaa mzima mweusi.

Na kweli ukifikiria: kila chumba kina jiko la makaa, viwanda, treni za moshi, miaka sitini au sabini masizi yanashuka juu ya jiwe linalonyonya. Picha za rangi za wakati ule zipo na mimi nlikuwa naziona kila siku, ila nlidhani ni giza la picha.

Kwa hivo ilibidi nizizeeshe nyumba zote. Rangi nyeusi ya kopo ilizifanya kama zimeungua moto, hapana. Kilichofanya kazi ni makaa yale yale: nimechukua mkaa wa kuchomea nyama, nikautwanga ukawa unga, nikauchekecha na soksi ya zamani, alafu nikausugua ukutani kwa brashi kavu, mwingi chini ya kingo za madirisha na chini ya paa pale mvua haifiki, kidogo pale maji yanapoteremka. Rangi nyekundu inachungulia kwa mbali tu. Ukimaliza pulizia vanishi tena. Bibi wa juu ameshuka kuona, hajacheka, amenionyesha kwa kidole tu kwamba dohani ni chache, kila jiko lilikuwa na bomba lake, kwa hivo nimekata mabomba mengine 32 kutoka kwenye mirija ya soda.

Tatizo ni kwamba mkaa niliutwanga kwenye kinu cha mama watoto, kile cha jiwe cha kutwangia pilipili manga na iliki. Nlidhani kitaosheka. Pilau ya Ijumaa ile sitaki kuizungumzia.

Vifaa vyote vya nyumba: kadibodi, wino, vanishi, plastiki ya madirisha, gundi, pauni 41.

23 Novemba: reli za tramu

Barabara ni ya vitofali vya mawe, chapa, vanishi, bandika juu ya fomubodi (ubao mwepesi wa povu) ya milimita 5 ili pavumenti ikae vizuri. Katikati reli mbili za tramu zilizokufa. Nlikuwa nazilaza kwa upana ule ule wa reli za OO, milimita 16.5, alafu nikakumbuka kusoma kwamba tramu za Glasgow zilikuwa na upana wao wa ajabu, futi 4 inchi 7 na robo tatu, robo tatu ya inchi pungufu ya reli ya kawaida. Walifanya vile makusudi, ili mabehewa ya mizigo ya reli yaweze kupita kwenye njia ya tramu kwa kukanyagia kingo za magurudumu ndani ya mfereji, wapeleke mizigo kwenye viwanda vya meli kule Govan.

Kwa skeli yetu hiyo ni milimita 18.6. Na kwa kuwa hakuna kitu kitakachopita hapo, hakuna kinachonizuia kuweka kipimo cha kweli. Sasa angalia kituko: OO yenyewe ni finyu, 16.5 ni kama futi 4 na inchi moja na nusu, ni kosa la zamani la wenyewe na wamelizoea. Kwa hivo kwenye meza yangu reli ya tramu ni pana kuliko reli ya treni, wakati Glasgow yenyewe tramu ndio ilikuwa nyembamba. Hakuna mgeni hata mmoja aliyegundua. Mimi silali.

Reli nimezichomoa kwenye vipande vibovu, pauni 5.

14 Desemba: daraja

Hii ndio sehemu niliyokuwa naisubiri toka mwanzo. Wazo nililitoa Argyle Street, pale reli za Glasgow Central zinapopita juu ya barabara. Watu wa mji wanapaita Hielanman's Umbrella, mwavuli wa watu wa nyanda za juu, manake wale waliohama kutoka Highlands kuja kutafuta kazi walikuwa wakikutana pale chini mvua ikinyesha, wanaongea Kigaeli chao, wanapeana habari za nyumbani. Mtu yeyote aliyewahi kuwa mgeni mjini anaelewa pale mahali bila kuelezwa. Langu ni dogo, njia moja tu, mihimili ya chuma, ila nilitaka ile hali, watu wamesimama chini yake hawana haraka.

Nlipiga hesabu. Basi la ghorofa la kawaida ni kama futi 14 na nusu, kwa skeli yetu futi moja ni milimita 4, kwa hivo 58. Nikaweka sehemu ya chini ya daraja milimita 64 kutoka kwenye ubao. Nafasi ya milimita 6 juu ya basi, raha mstarehe. Mihimili nikaikata kwenye shiti ya plastiki, vichwa vya riveti nikavibonyeza kimoja kimoja kwa ncha ya bikari upande wa nyuma, zaidi ya mia nne, wiki mbili za usiku baada ya zamu. Nikapaka rangi ya kijivu, nikalibandika, likakauka. Pauni 14. Nzuri kweli, nawaambia.

Jumamosi asubuhi nikaita watoto, nikachukua basi langu la mfano la ghorofa, Leyland PD2, nikalisukuma kwa kidole kuja chini ya daraja.

Ko.

Nikarudisha nyuma nikasukuma tena, polepole. Ko. Paa limegonga mhimili. Binti yangu akaniuliza, baba, si wewe ni dereva wa basi?

Sa kwa wasiojua: kazi yetu sisi, kitu cha kwanza kabisa unachofundishwa hapa ni urefu wa gari lako. Kuna kibao ndani ya kebini mbele ya macho yako, kimeandikwa futi na inchi. Ukigonga daraja umekwisha, unaonekana kwenye habari, basi limefunuliwa kama kopo la samaki. Miaka yote hii sijawahi kugusa hata tawi la mti. Nimekuja kugonga daraja sebuleni kwangu, nililojenga mwenyewe, kwa kipimo nilichopima mwenyewe.

Kosa liko hapa. Zile 64 nilipima kutoka kwenye plaiwudi. Lakini basi halitembei kwenye plaiwudi, linatembea barabarani, na barabara ni fomubodi ya 5 na kadibodi ya moja na nusu juu yake. Zimebaki 57.5. Alafu chini ya mihimili nikabandika vibamba vya kupendezesha, milimita 2.5, hivo sikuvihesabu kabisa manake ni urembo. Zimebaki 55. Basi ni 58.

Pima kutoka pale tairi linapokanyaga. Naandika tena: pale tairi linapokanyaga, mpaka kitu cha chini kabisa kinachoning'inia.

11 Januari 2025: nachimba barabara

Sikutaka kulibomoa daraja. Riveti mia nne. Kuliinua nako ni kuinua reli pande zote mbili, treni ipande mlima kwa sentimita 80 na irudi, na ile tangi na mabehewa yake sidhani ingefurahi. Nikaona nifanye walichofanya wahandisi wa kweli sehemu nyingi za nchi hii: usiinue daraja, teremsha barabara.

Nikakata fomubodi yote chini ya daraja, barabara ikakaa moja kwa moja kwenye plaiwudi, na kila upande mteremko wa sentimita 6. Katikati sasa ni milimita 60 kamili. Basi 58. Nikaleta PD2.

Limeingia mbele vizuri, kichwa kimepita, nikaanza kupumua, alafu ko, paa la nyuma.

Nilikaa sakafuni nikaangalia kwa tochi. Magurudumu ya mbele yameshafika chini bondeni, ya nyuma bado yako juu kwenye mteremko, kwa hivo mgongo wa basi umeinuka na paa la nyuma linakwaruza ukingo wa daraja. Yaani kipimo cha katikati ni sahihi na basi bado halipiti. Hili jambo nalijua barabarani, nalijua kwa mwili, ukishuka kwenye bonde chini ya daraja unajua urefu ulioandikwa unahesabiwa vipi, ila sikulileta mezani. Dawa yake ni mteremko mrefu zaidi, sentimita 15 au 20 kila upande, lakini hapo nimeshajenga duka la samaki na chipsi na milango ya klosi mbili, zingebaki zinaning'inia hewani.

Nikafunika kwa kitambaa. Wiki mbili sikuingia chumba kile.

25 Januari: Lodekka

Jibu lilikuwepo kwenye boksi muda wote, na ni aibu kidogo.

Haya madaraja mafupi yalikuwa shida ya kweli. Zamani dawa yao ilikuwa kuteremsha njia ya kupitia abiria wa juu, wakaiweka pembeni imezama, viti vya watu wanne wanne kwa safu, na abiria wa chini upande ule akiinuka kwa haraka anagonga kichwa kwenye sakafu ya watu wa juu. Kampuni ya Bristol miaka ya 50 ikaja na Lodekka: shafti ya kupeleka nguvu gurudumu la nyuma wakaihamishia pembeni, sakafu ya chini ikashuka, basi zima likashuka kama futi moja na juu bado unatembea katikati kama kawaida. Urefu futi 13 na nusu hivi. Kwangu mimi, milimita 54.

Daraja langu ni 55.

Nlikuwa na Lodekka moja nyekundu ya Central SMT, kampuni ya mabasi ya Lanarkshire, nimeinunua pauni 11 kwa ajili ya rangi yake tu. Nikarudisha fomubodi, nikaziba mteremko wote, barabara ikawa tambarare kama mwanzo. Nikalisukuma. Likapita. Nafasi ya milimita moja, ukiweka kipande cha ile kadibodi nzito juu ya paa halipiti, lakini likapita, na nikalipitisha tena mara kama ishirini.

Na utamu wenyewe uko hapa. Bristol ilikuwa mali ya serikali, na mpaka 1965 haikuruhusiwa kuuzia isipokuwa kampuni za mabasi za serikali. Central SMT ilikuwa chini ya Scottish Bus Group, ya serikali, ikajaza Lodekka. Glasgow Corporation ni manispaa, haikuweza kununua hata ingetaka. Kwa hivo 1962 ukiwa na daraja fupi kama langu, basi jekundu la Lanarkshire linapita, basi la jiji la kijani na chungwa linasimama upande huu na kugeuka. Daraja langu lililokosewa limenipangia njia za mabasi zenyewe. Steji ya mwisho ya Corporation ni mbele ya duka la samaki, abiria wanashuka, wanatembea chini ya daraja, wanangoja Lodekka upande wa pili. Ndio maana watu wamesimama pale chini.

Mimi nlikuwa nimewaweka wasimame bila sababu.

15 Februari: mabasi yatembee? Hapana

Nlitaka Lodekka itembee yenyewe. Mpango: mnyororo wa baiskeli chini ya barabara, mota ndogo, sumaku kali kwenye mnyororo, sumaku nyingine chini ya basi. Mabasi haya ni ya chuma cha kumwaga, mazito, na magurudumu yao ni magumu. Sumaku zikiwa dhaifu basi linabaki nyuma, zikiwa kali linang'ang'ania barabara, linatetemeka, linaruka sentimita mbili mbele kama chura. Kelele ya mnyororo ilikuwa kubwa kuliko treni. Siku ya tatu basi likaruka likaangusha nguzo mbili za taa na mwanamke mwenye mkoba.

Nimeacha. Pauni 34 zimekwenda na sitarudi hapo. Ukitaka magari yanayotembea nunua mfumo uliotengenezwa, wenye gari jepesi na waya ndani ya barabara, au kubali kama mimi kwamba mabasi mengi ya maisha yako uliyaona yamesimama.

16 Machi: kupaka PD2

PD2 niliyonayo nilinunua kwa pauni 9 kwa sababu ilikuwa na rangi ya mji mwingine kabisa, wa Uingereza. Nimelifungua, nimelikwangua, nimepaka upya: kijani juu, krimu katikati, chungwa chini. Chungwa lilinichukua mara nne, rangi hii juu ya primer ya kijivu inakuwa kama chai ya maziwa, weka nyeupe kwanza.

Kosa la kuandika: madirisha nilirudisha kwa supaglu. Asubuhi nakuta vioo vyote vimekuwa vyeupe, ukungu kama bafu. Moshi wa supaglu ndio unafanya hivo kwenye plastiki angavu na hautoki kwa kufuta. Nilisugua kwa dawa ya meno na kitambaa jioni nzima, upande wa kushoto umerudi, upande wa kulia bado una utando. Bahati ni Scotland. Nimeweka upande wa kulia uangalie kwa watazamaji, nimetia matone ya vanishi inayong'aa kwenye kioo, nimepanga abiria wawili ndani: ni dirisha lenye mvuke, siku ya mvua, basi limejaa watu waliolowa. Madirisha mengine yote sasa natumia gundi nyeupe.

Rangi pauni 17. Lodekka ya pili, pauni 11.

12 Aprili: vitu vidogo

Alama ya daraja fupi niliichapa nikaibandika, pembetatu nyekundu, safi. Alafu nikakumbuka alama za sampuli hii ya leo zimeanza 1965. Nimeitoa, nimetengeneza ya zamani, kijipembetatu juu na kibao cha maandishi chini.

Kibanda cha polisi nilinunua cha buluu kama kila mtu anavyokijua. Bibi wa juu akasema vya Glasgow vilikuwa vyekundu. Sikumbishia tena, nikaenda kuthibitisha picha, vilikuwa vyekundu kweli mpaka mwisho mwisho wa miaka ya 60. Nimepaka.

Watu 24 wa plastiki. Tisa wako chini ya daraja. Kibanda, watu na alama, pauni 18.

3 Mei: hali ilivyo na hesabu

Treni inaenda na kurudi bila kusita. Kilichobaki ni taa za maduka, mvua barabarani (vanishi inayong'aa, najaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni) na kondakta wa kike wa kusimama mlangoni mwa PD2, bibi anataka awe na mashine ya tiketi kifuani na kofia imekaa upande.

Hesabu: fremu 46, reli na umeme 80, injini na mabehewa 98, nyumba 41, reli za tramu 5, daraja 14, mabasi na rangi 48, mnyororo 34, vitu vidogo 18. Jumla pauni 384. Nikamwonyesha mama watoto, nikamwambia unaona, chini ya mia nne.

Akaniuliza kinu kiko wapi kwenye hiyo orodha. Kinu kipya cha jiwe ni pauni 19.

Kwa hivo 403.